Pesa za simu kutoka Thika hadi Ruiru: hasara ni ya nani?

Oktoba 2005, miezi kumi na saba kabla ya M-Pesa kuzinduliwa rasmi, wateja wapatao 500 wa shirika la mikopo midogo la Faulu Kenya waliombwa wajaribu jambo lililokuwa geni kabisa kwao: kulipa mkopo kwa simu ya mkononi. Mawakala walikuwa wanane tu. Maeneo ya majaribio yalikuwa matatu, yaani katikati ya jiji la Nairobi, mtaa wa Mathare na mji wa Thika. Gharama ziligawanywa kati ya kampuni ya Vodafone na idara ya misaada ya Uingereza, na matarajio yalikuwa ya kiasi: mkopaji apunguziwe safari, shirika lipunguziwe makaratasi.

Wateja wakakipa chombo hicho kazi nyingine. Nick Hughes na Susie Lonie, waliouongoza mradi kwa upande wa Vodafone, walisimulia baadaye jinsi wafanyabiashara walivyoanza kuweka mauzo ya siku kwa wakala jioni, benki zikiwa zimeshafungwa, ili wasilale na noti ndani. Wasafiri waliokwenda na kurudi kati ya maeneo ya majaribio waliweka pesa upande mmoja, wakapanda gari mifuko ikiwa mitupu, na kuzitoa saa chache baadaye upande wa pili. Mke alimtumia mumewe nauli baada ya mume kuporwa. Hakuna aliyewafundisha hayo. Kwa mtu wa Thika, pesa za simu zilikuwa kinga dhidi ya mwizi kabla hazijawa njia ya kununulia sukari.

Mwizi naye hakustaafu. Aliacha kupekua mifuko akaanza kupiga simu, na eneo hilohilo lililotangulia kuonja usalama wa pesa zisizoshikika sasa linaishi na hatari zake kila siku. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 490,120 Ruiru na 251,407 Thika. Katikati ya miji hiyo miwili kuna Juja na wadi zake, Theta ikiwa mojawapo, ambako mashamba ya kahawa yamekatwa ploti na ploti zikajaa vyumba vya kupangisha. Mpangaji wa huko hulipa kodi kwa pebili, maji kwa pebili, stima kwa tokeni, karo ya chuo kwa simu, mama mboga kwa Pochi la Biashara, nauli kwa nambari ya kondakta. Wiki nzima inaweza kupita bila noti kumgusa mkononi.

Pesa hizo zikipotea, jibu la kwanza analopewa ni lilelile kila mahali: ulitoa nambari yako ya siri? Swali hilo lina haki yake. Lakini limegeuka kuwa swali la pekee, na hapo ndipo kosa lilipo. Mwenye laini anatwikwa lawama ya mambo aliyoweza kuyazuia pamoja na ya mambo ambayo hakuwahi hata kuyaona. Uchambuzi wowote wa maana wa usalama wa malipo ya simu hauna budi kuyatenganisha haya mawili, kwa sababu mzigo unastahili kubebwa na yule mwenye uwezo wa kuzuia hasara.

Yaliyo mkononi mwa mtumiaji si machache. Nambari ya siri ya M-Pesa ina tarakimu nne, maana yake kuna uwezekano wa michanganyiko 10,000, na mfumo hujifunga baada ya kukosea mara tatu. Huo ni ukuta mzuri, mpaka mtu achague mwaka wake wa kuzaliwa. Anayemfahamu kwa sura tu anaweza kuukisia kwa tofauti ya miaka michache, na aliyeshika kitambulisho chake hahitaji kukisia, kwa kuwa mwaka umechapishwa pale. Wapo pia wanaoiandika nambari hiyo kwenye kifuniko cha simu, na wapo wazee ambao humkabidhi wakala simu pamoja na nambari yenyewe wakimwomba awasaidie kutoa pesa. Mzee asiyeona vizuri kwenye kioo kidogo cha simu ya mulika mwizi, kumwita mzembe ni kumwonea. Ila ukweli unabaki kwamba siri iliyosemwa kwa sauti kwenye kaunta ya duka imekwisha kuwa mali ya kila aliyesimama kwenye foleni.

Kisha kuna simu zenyewe. Mpigaji hujitambulisha kama mhudumu wa kampuni, humwita mtu kwa majina yake yote matatu, humwambia laini yake inafungwa leo, halafu humwelekeza abonyeze hiki na kile. Wakenya wengi wakipokea simu ya namna hiyo husema ni watu wa Kamiti. Jina hilo linatokana na Gereza Kuu la Kamiti, lililo kilomita chache tu kutoka Ruiru, ambalo kwa miaka mingi limetajwa katika habari za wafungwa wanaoendesha utapeli wakiwa ndani ya kuta. Safaricom, kampuni inayoendesha M-Pesa, imetangaza mara nyingi kwamba huwapigia wateja kwa nambari moja tu, 0722 000 000, na kwamba ujumbe wa ulaghai upelekwe 333 bila malipo. Anayeyajua hayo mawili amejiepusha na sehemu kubwa ya madhara. Akikata simu na kuipigia kampuni mwenyewe, hapotezi chochote.

Ulaghai unaoisumbua zaidi mitaa ya wapangaji hauhitaji hata kupiga simu. Ni arafa ya mstari mmoja inayosema kwamba ile kodi itumwe kwa nambari nyingine kwa sababu ya kawaida ina tatizo. Haitaji jina la mtu wala la jengo. Hutumwa kwa maelfu ya nambari kati ya tarehe 28 na 5, siku ambazo nusu ya Kimbo, Kihunguro na Makongeni wanaiwazia kodi. Aliyeiandika hajui lolote kuhusu anayemwandikia, anajua kalenda. Mpangaji aliyewahi kuambiwa na mwangalizi wa ploti abadilishe nambari, kwa sababu halali kabisa, hana alama ya kumwonya kwamba safari hii ni uongo.

Hapa ndipo wenye nyumba wanapoingia katika hesabu ya wajibu, ingawa hawatajwi sana. Ploti inayokusanya kodi kwa pebili yenye nambari ya chumba kama akaunti, na ambayo imewaambia wapangaji wake tangu siku ya kwanza kwamba nambari hiyo haitabadilishwa kwa arafa, imeua ulaghai huo kabla haujafika mlangoni. Ploti inayobadilisha nambari kila baada ya miezi miwili, leo ya mwenye nyumba, kesho ya mwanawe, keshokutwa ya mwangalizi, imewazoesha wapangaji wake kutapeliwa.

Safaricom nayo iliweka kizuizi cha maana mwaka 2015 ilipoleta Hakikisha. Mtumaji huonyeshwa jina la anayetumiwa na kupewa sekunde chache za kusitisha. Aliyekosea tarakimu moja anaweza kuokoka, na aliyedanganywa kuhusu kodi ataona jina asilolijua. Akichelewa, anaweza kuupeleka ujumbe wa malipo 456 kuomba pesa zirudishwe, na hapo kinachoamua ni mwendo: zikiwa bado zipo kwenye akaunti ya pili, kuna matumaini, na zikishatolewa kwa wakala, mara nyingi habari imeishia hapo. Walaghai wanalijua hili kuliko wateja, ndiyo maana pesa za wizi hazikai kwenye laini moja.

Wafanyabiashara wana balaa lao. Mnunuzi huonyesha arafa ya malipo iliyoandikwa kwa nambari ya kawaida, ikiwa na msimbo, tarehe na salio la kubuni, kisha huondoka na kreti ya soda kabla ya muuzaji kugundua kwamba haikutoka kwa MPESA. Mwingine hulipa kweli, hubeba bidhaa, halafu huomba pesa zirudishwe akidai alikosea nambari. Muuzaji wa soko la Madaraka pale Thika saa kumi na moja jioni, akiwa na wateja sita mbele yake, hana nafasi ya kusoma kila ujumbe kwa makini, lakini hana budi kuitafuta nafasi hiyo. Anayeangalia salio lake mwenyewe badala ya kuangalia simu ya mnunuzi amejilinda vya kutosha.

Hayo yote ni ya mtumiaji, na kuyakwepa ni kujidhuru. Sasa yale yasiyo yake.

Mlaghai anayejua kazi yake hahitaji simu ya mtu. Anahitaji laini. Akifaulu kumshawishi wakala au mfanyakazi wa ndani kwamba yeye ndiye mwenye nambari iliyopotea, hupewa kadi mpya, ile ya mwenyewe inakatika mtandao, na kuanzia dakika hiyo kila arafa ya uthibitisho, ya M-Pesa na ya benki, inamfikia yeye. Mwenye laini, aliyelala nyumbani kwake Witeithie, anadhani mtandao unasumbua. Kituo cha biashara cha Mulot, mpakani mwa kaunti za Bomet na Narok, kimetajwa na wapelelezi wa Idara ya Upelelezi wa Jinai, DCI, mara nyingi kuhusiana na wizi wa aina hii, kiasi kwamba jina lake limeharibiwa hata kwa wakazi wake wasio na hatia. Lakini asili ya tatizo haiko Mulot. Iko kwenye kaunta ambako laini hubadilishwa. Mhasiriwa hakutoa nambari ya siri, hakubonyeza kiungo, hakupokea simu. Kampuni ilimpa mtu mwingine ufunguo wa nyumba yake.

Ipo njia ya kujikinga. Mteja wa Safaricom akibonyeza *100*100# anaweza kuzuia laini yake isibadilishwe na wakala, ili mabadiliko yoyote yamlazimu kufika mwenyewe kwenye duka la kampuni. Ni hatua njema. Lakini ulinzi huu umewekwa ili mteja autafute. Ungeweza kuwa hali ya kawaida kwa kila laini, na anayetaka urahisi wa kubadilishiwa na wakala ndiye aombe. Mama anayeuza ndizi Gatuanyaga hatausikia msimbo huo mpaka siku jirani yake atakapoibiwa. Oktoba 2025 Rais William Ruto alitia saini marekebisho ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Tarakilishi na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018, na miongoni mwa makosa mapya ni kubadilisha laini ya mtu bila idhini. Kifungu hicho kinamlenga mwizi. Hakisemi nani amrudishie mwenye laini pesa zake.

Usajili wa laini ulitarajiwa uwafichue walaghai. Kanuni za 2015 zilitaka kila kadi iwe na jina na kitambulisho, na mwaka 2022 wateja walipangwa foleni upya, muda wa mwisho ukasogezwa kutoka Aprili hadi Oktoba. Hata hivyo laini zilizosajiliwa kwa majina ya watu wengine ziliendelea kuuzwa mitaani. Ambaye hajawahi kubonyeza *106# kuona laini zilizo chini ya kitambulisho chake, akijaribu anaweza kukuta nambari asizozijua, na mojawapo huenda ndiyo inayowaandikia wapangaji wa Juja kuhusu kodi.

Majina na vitambulisho hivyo walaghai hawakuvikisia. Kwa miaka mingi kila duka la M-Pesa lilikuwa na daftari juu ya kaunta, na kila aliyeweka au kutoa pesa aliandika humo jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, kiasi na sahihi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na wakala alilihitaji daftari hilo kwelikweli, kwa kuwa ndilo lililomlinda dhidi ya madai ya uongo. Lakini lilikuwa wazi. Aliyekuwa akiandika mstari wa kumi alisoma mistari tisa ya juu: nani ametoa elfu arobaini asubuhi hii, na anaitwa nani, na anapatikana wapi. Daftari kama hilo liko hata leo kwenye malango ya majengo na mitaa yenye walinzi kando ya barabara kuu ya Thika, ambako mgeni huandika jina, simu na kitambulisho ili amtembelee dada yake. Hakuna anayemwambia kurasa hizo zinaishia wapi zikijaa. Wakati mwingine huishia kufungia karanga.

Katiba ya 2010, kifungu cha 31, humpa kila mtu haki ya faragha, ikiwemo haki ya kutolazimishwa kutoa habari za familia au mambo yake binafsi bila sababu. Sheria ya Kulinda Data, iliyoanza kutumika Novemba 2019, ikaweka msingi kwamba anayekusanya data akusanye ile tu anayoihitaji. Immaculate Kassait aliapishwa Novemba 2020 kuwa Kamishna wa kwanza wa Data, na faini ya kiutawala inaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia moja ya mapato ya mwaka. Mlalamishi halazimiki kuwa na wakili, na sheria inataka lalamiko lichunguzwe ndani ya siku 90. Daftari la langoni, likipimwa kwa sheria hiyo, lina maswali mengi ya kujibu.

Nauli inaonyesha tatizo hilo kwa namna nyingine. Serikali ilijaribu mwaka 2014 kuwalazimisha wenye matatu kukusanya nauli kwa kadi, mpango ukafa, na abiria wakajitafutia njia: wanatuma kwa simu ya kondakta. Katika gari la Ruiru au la Thika nambari husomwa kwa sauti, na abiria mmoja baada ya mwingine hutuma shilingi mia. Kila anayetuma amemwachia kondakta jina na nambari ya simu. Wanawake wengi wanajua kinachoweza kufuata: ujumbe wa usiku kutoka kwa mtu wasiyemjua, akiwaita kwa jina. Walilipa nauli tu. Katika miaka ya karibuni Safaricom imeanza kuficha sehemu ya nambari ya mteja anayelipa kwa tili au pebili, na mabadiliko hayo madogo ya kiufundi yanamlinda abiria kuliko mawaidha yoyote. Chama cha matatu kinachotaka kuwaheshimu abiria wake kitafute tili.

Na hapo pana mvutano ambao haujapata suluhisho safi. Jina lilelile linalomwokoa mtumaji aliyekosea tarakimu ndilo linalomfichua anayetumiwa. Yeyote mwenye nambari ngeni anaweza kuanza kuitumia pesa, akasoma jina, kisha akasitisha. Usalama na faragha vinavutana ndani ya dirisha moja la sekunde chache. Huenda kuonyesha jina la kwanza na herufi ya mwanzo ya jina la ukoo kungetosha kwa wengi. Anayemtumia mwenye nyumba wake anahitaji kujua ni Wanjiru au si Wanjiru, wala hahitaji ukoo mzima. Lakini penye akina Wanjiru wengi kama Kiambu, herufi moja yaweza kuwa haitoshi. Jambo hili linastahili kujaribiwa mbele ya watumiaji wenyewe, kama lilivyojaribiwa lile la 2005.

Faragha pia ina upande ambao mtumiaji ndiye mkosaji, na mara nyingi halitambui. Programu za mikopo ya haraka zilipoenea simuni, nyingi ziliomba ruhusa ya kusoma orodha ya majina. Mkopaji aliyehitaji elfu tatu alikubali. Alichokitoa hakikuwa chake: alitoa nambari za mama yake, mwajiri wake, mchungaji wake na dereva wa boda aliyembeba mara moja. Akichelewa kulipa, wote walipigiwa. Septemba 2023 Kamishna wa Data aliitoza Mulla Pride, kampuni iliyoendesha programu za KeCredit na Faircash, faini ya shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na nambari za watu waliotajwa na wengine kuwatumia vitisho. Kabla ya hapo, Desemba 2021, sheria ilikuwa imewaweka wakopeshaji wa mtandaoni chini ya Benki Kuu, na kanuni za Machi 2022 zikakataza kuwaaibisha wakopaji kwa marafiki zao. Mengi yamepungua. Lakini kidole kilichobonyeza kukubali kilikuwa cha mtu binafsi, na waliolipa gharama ya kidole hicho hawakuulizwa.

Hali hiyohiyo imo kwenye vikundi vya WhatsApp. Mweka hazina wa chama huchapisha picha ya ujumbe wa M-Pesa kuthibitisha mchango wa mazishi, na picha hiyo inabeba jina kamili, nambari ya simu na wakati mwingine salio. Kwa wanakikundi 200, kumi kati yao wasiojulikana vizuri, hizo ni habari tosha za kuanzia. Uwazi wa chama ni jambo la heshima, na haumhitaji mtu kuanika salio la mwingine. Orodha ya majina ya kwanza na viwango vya mchango inatosha.

Kuna macho makubwa kuliko ya mweka hazina. Taarifa ya M-Pesa ya miezi sita, ambayo Sacco na wakopeshaji huidai kabla ya kutoa mkopo, inaonyesha duka la dawa, kliniki, kanisa, kampuni ya kamari, na mtu anayetumiwa pesa kila Ijumaa. Ni maisha ya mtu yaliyopangwa kwa tarehe. Serikali nayo imeitamani hazina hiyo. Mswada wa Fedha wa 2024 ulikuwa na kifungu cha kuiondoa Mamlaka ya Ushuru, KRA, katika masharti ya Sheria ya Kulinda Data pale inapotafuta kodi. Mswada wote uliondolewa baada ya maandamano ya tarehe 25 Juni mwaka huo. Mwaka uliofuata pendekezo lilirudi kwa sura nyingine, likitaka kufuta kinga inayoizuia KRA kudai data binafsi za wateja kutoka kwa wafanyabiashara, na wabunge wakalikataa. Ni haki ya serikali kukusanya kodi, na mahakama zipo za kutoa kibali panapokuwa na shaka juu ya mtu fulani. Kufungua taarifa za kila mtu kwa pamoja ni jambo jingine kabisa, na waliolipinga walikuwa sahihi.

Tena kuna maafa yanayompita mteja kabisa. Oktoba 2020 nchini Uganda wadukuzi waliingia kupitia mifumo ya Pegasus Technologies, kampuni inayounganisha benki na mitandao ya simu, na kwa siku kadhaa MTN, Airtel na Benki ya Stanbic zikasimamisha sehemu ya huduma zao za pesa za simu. Hakuna mteja wa Kampala aliyekuwa na neno la kufanya. Kenya, mwaka 2019, kesi ilifikishwa Mahakama Kuu ikidai kwamba data za wateja wapatao milioni 11.5 wa Safaricom waliocheza kamari ya michezo zilikuwa zimevuja na kutolewa ziuzwe. Yalikuwa madai, lakini yalionyesha ukubwa wa kinachowekwa rehani pale habari za watu wengi hivyo zinapokaa mahali pamoja. Kuficha nambari ya siri kwa kiganja hakuzuii lolote kati ya hayo.

Ikiwa hivyo ndivyo hatari zinavyogawanyika, hasara nayo igawanyweje? Nchi mbili zimejibu hivi karibuni. Uingereza, tangu tarehe 7 Oktoba 2024, inazitaka benki kumrudishia mteja aliyedanganywa akatuma pesa mwenyewe, hadi pauni 85,000, na gharama hugawanywa nusu kwa nusu kati ya taasisi iliyotuma na iliyopokea. Mteja aliyezembea kupita kiasi anaweza kunyimwa. Nusu ile ya mpokeaji ndiyo yenye uzito, kwa sababu inaifanya taasisi iliyofungua akaunti ya mwizi ijali. Singapore ilianza utaratibu wake tarehe 16 Desemba 2024 kwa wizi wa tovuti na jumbe bandia. Benki imeandikiwa majukumu, na kampuni ya simu yake. Benki iliyokiuka hulipa kwanza. Ikiwa imetimiza yake, kampuni ya simu iliyokiuka hulipa. Wote wakiwa wametimiza, mteja anabeba.

Utaratibu wa Singapore unaifaa Kenya zaidi, kwani hapa kampuni ya simu ndiyo inayotoa laini na ndiyo hiyohiyo inayotunza njia ya pesa. Laini ikibadilishwa kinyume na taratibu, swali la uzembe wa mteja halipaswi hata kuulizwa. Laini iliyopokea pesa za wizi ikigunduliwa kuwa ilisajiliwa kwa kitambulisho cha mtu asiyejua, aliyeisajili awajibike. Mteja aliyetuma kodi kwa nambari ngeni, akaonyeshwa jina geni, na bado akaendelea, atabeba sehemu yake, na hilo si ukatili.

Pingamizi lipo na lina uzito. Wapo watakaosema kwamba ukianza kurudisha pesa, watu watashirikiana na matapeli kudai fidia, na gharama itarudi kwa wote kupitia ada, ambazo tayari zina ushuru wa asilimia 15 juu yake. Hofu ya kwanza ni ya kweli na dawa yake ni uchunguzi, kama ilivyo kwa bima yoyote. Kuhusu ya pili, gharama ipo tayari. Leo hulipwa na mtu mmoja mmoja: mwanafunzi wa chuo kikuu cha JKUAT aliyepoteza pesa za muhula mzima, au mstaafu wa kiwanda pale Thika aliyefagiliwa malipo yake usiku mmoja. Tangu Agosti 2023 akaunti ya M-Pesa inaruhusiwa kubeba hadi shilingi 500,000, na muamala mmoja hadi 250,000. Kiwango kilipandishwa kwa sababu nzuri za kibiashara, ila kipimo cha hasara kilipanda pamoja nacho, na taratibu za fidia hazikupanda.

Lipo pia jambo rahisi lisilohitaji sheria mpya: mwendo. Mtu anayegundua saa mbili usiku kwamba ametapeliwa angehitaji kitufe kimoja kwenye menyu, hata ya simu ya mulika mwizi, cha kuzuia pesa zisitoke upande wa pili kwa saa kadhaa huku malalamiko yakichunguzwa. Wakala wa Makongeni naye, akiona laini ambayo haijawahi kutumika ikipokea malipo kumi ya kodi kutoka kwa watu kumi na mwenyewe akitaka kutoa zote, apewe njia ya kuuliza kabla ya kuhesabu noti, na asikatwe kamisheni kwa kusita.

Benki Kuu ya Kenya ilichapisha Mkakati wa Kitaifa wa Malipo wa 2022 hadi 2025, ukisimama juu ya mambo matano: imani, usalama, manufaa, uhuru wa kuchagua na ubunifu. Muda wake umekwisha. Mkakati utakaofuata una nafasi ya kutaja kwa maneno kamili nani hulipa laini inapobadilishwa bila idhini, ndani ya siku ngapi, na mteja aanzie ofisi gani. Wenye nyumba wa Ruiru, vyama vya matatu vya barabara ya Thika, mawakala na wapangaji wa Theta wanapaswa kuitwa kwenye vikao vya maoni ya umma kabla haujaandikwa, na vikao hivyo vifanyike Thika kwenyewe, kwa lugha wanayoitumia wanapotuma pesa.